Mkasi wa Mzee Kachu Katika Okestra

Mzee Kachu ungemsikia kabla hujamwona. Ukikata kona kwenye duka la vipuri vya baiskeli, hata kibao chake hujakiona, mkasi wake umeshakuamkia: kachu, kachu-kachu, kachu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, tena jina la heshima, lakini lilikuwa limelala kwenye kitambulisho na halikuwa na haraka ya kuamka. Mtaa mzima ulimwita kwa sauti ya kazi yake, na mkewe pia, siku akiwa na furaha naye.

Sasa, mkasi wa kinyozi mwingine yeyote hulia unapokata. Wa Mzee Kachu ulilia hata usipokata. Akishakata hapa, akiinua mkono kutafuta pa kukata tena, vidole viliendelea tu, mkasi ukifunguka na kujifunga hewani juu ya kichwa cha mteja. Waliomwuliza anakata nini huko juu walijibiwa papo hapo.

"Mkasi ukinyamaza, unaanza kuwaza sikio lako. Ukiwaza sikio, unatikisika. Ukitikisika, sikio unaliona chini. Acha uongee, wewe tulia."

Na kweli watu walitulia. Watoto walioletwa wakipiga mayowe walinyamaza wakatoa macho. Kulikuwa na fundi bomba mmoja ambaye nywele zake zilikuwa zimeshamuaga zamani, lakini kila Jumamosi alikuja kukaa, eti anapunguza. Hakuna aliyedanganyika. Alikuwa anafuata usingizi.

Chumba chenyewe hakikuwa na makuu. Kioo kirefu chenye ufa pembeni, benchi la kusubiria, feni iliyozunguka ikitaka, na mlango uliolalamika ukifunguliwa na kulalamika zaidi ukifungwa. Fahari ya pale ilikuwa kiti. Kilitoka kwa daktari wa meno aliyestaafu, na wateja wageni walikuwa wakikikalia tu, midomo inafunguka yenyewe. "Funga," Mzee Kachu aliwaambia. "Sisi tunafanya kazi za juu."

Alikuwa na sheria moja, nayo haikujua msamaha: mtu hashuki kwenye kiti chake na nusu kichwa. Upepo uliwahi kung'oa bati yeye akiwa katikati ya kichwa cha karani wa posta, mvua ikaingia yote. Mzee Kachu akampa karani mwavuli aushike mwenyewe, akaendelea kukata. Nusu kichwa, alisema, ni aibu ya kinyozi, mteja anaibeba tu. Na kichwa kikikamilika alipangusa shingo kwa brashi, akaonyesha kisogo kwa kioo cha mkononi, akagonga bega la mteja na kusema, "Haya, nenda salama." Kisha, kwa sauti ya kufika barabarani: "Anayefuata!" Hakuna mtu aliyewahi kutoka mle bila maneno hayo, isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mwanawe.

Mwanawe huyo wa pekee alikulia sakafuni mwa chumba kile, ufagio mkononi. Kazi yake ilikuwa kukusanya nywele, lakini alikuwa na ugonjwa wa kusikiliza. Alikuwa akiuacha ufagio katikati ya chumba na kugonga benchi kwa vidole akiufuata mkasi, au kuuigiza mlango kwa mluzi mpaka wateja wageuke kuona nani kaingia. Shuleni alikutana na kinanda kibovu, nusu ya meno yake hayatoi sauti, akakipenda kuliko chakula. Tangu hapo jina likawa Kinanda. Baba hakuona ubaya. Mtu anaweza kupiga kinanda Jumapili na kunyoa siku zilizobaki, na kwa mawazo yake kiti kile kilikuwa kimeshapata mrithi.

Mawazo ya mwana yalikuwa mengine. Kinanda alipata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea muziki, ule wa okestra, wa fidla nyingi na matarumbeta na watu wengi waliovaa nguo nyeusi kama wanakwenda kuzika. Asubuhi ya safari alikaa kwenye kiti anyolewe. Mzee Kachu alinyoa upande wa kulia bila neno. Alipofika utosini, likamtoka alilokuwa amelimeza wiki nzima.

"Kwa hiyo hiki kiti nimwachie nani? Paka?"

"Baba, nitarudi."

"Wote husema hivyo. Watu wana muziki wao, wanakungoja wewe ukawatungie?"

"Ndiyo," Kinanda akasema, ujana umempanda. "Wananingoja mimi."

Maneno yakazaa maneno. Hasira hasara, wahenga walisema, nao hawakuwahi kuwaona hawa wawili. Kinanda akajivua kitambaa, akasimama, upande mmoja umenyolewa na mwingine msitu, akatoka. Mama yake alimkimbilia na kofia mpaka kwenye teksi. Mzee Kachu akabaki mlangoni na mkasi wake, akatamka mbele ya benchi zima, "Kichwa hicho sikigusi tena maishani mwangu!"

Fundi bomba akazinduka akauliza kuna nini.

Miaka ikapita, mingi kuliko yeyote kati yao alivyokusudia. Mama Kinanda, ambaye alikuwa mpishi wa shule na hakuwa na muda wa kununiana na mtu, aliongea na mwanawe kwa simu kila wiki. Saa hizo Mzee Kachu alikuwa na kazi ya kupaka mkasi mafuta, na kazi hiyo ilimleta karibu sana na simu.

"Hajambo?" aliuliza mkewe akishamaliza.

"Hajambo."

"Mm."

Huo ndio ulikuwa ubaba wake wa miaka yote hiyo. Ulimuuma, tena sana, lakini usingemkamua akasema.

Basi Jumamosi moja Mwalimu mstaafu alikuwa benchini na gazeti lake. Mwalimu alisoma magazeti kwa sauti, upende usipende, na alisoma kila kitu mpaka matangazo ya vifo. Ghafla akanyamaza, jambo ambalo liliwashtua wote. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Huyu si Kinanda wetu?"

Habari ilisema kwamba okestra kubwa ya ng'ambo, ambayo tangu iundwe haikuwahi kupiga kazi ya mtunzi mweusi, ilikuwa imepiga ya kwake, jina lake "Jumamosi kwa Baba". Picha ilikuwepo. Kinanda amesimama katikati ya wapiga fidla, mweusi peke yake jukwaa zima, anatabasamu. Benchi lote likainama kutazama. Juu ya muziki hakuna aliyeuliza.

"Mungu wangu, nywele!" karani wa posta akasema.

"Hicho kichwa au kichaka?"

"Ndege akiingia humo, tumeshamkosa."

"Kinyozi hajinyoi, sawa," fundi bomba akasema, "lakini na mwanawe jamani!"

Mzee Kachu akalichukua gazeti, akaenda nalo kwenye mwanga. Aibu ilimshika, kwa sababu gazeti linasafiri na watu wana macho. Kwa mtu mwingine lile lilikuwa pori moja tu, halina mwanzo wala mwisho. Yeye alijua ni upande gani alioumaliza na ni upande gani aliouacha. Alimrudishia Mwalimu gazeti na kumwambia aendelee kusoma, maana kichwa cha watu kilikuwa kinamngoja.

Mwalimu akaendelea. Mwandishi alisema muziki ni mzuri na watu walipiga makofi ya adabu, ila mahali fulani katikati palisikika pengo, kama mtu ameitwa na hakuitika. Walipanga kuurudia.

Haukupita muda mrefu, simu ikaja. Mzee Kachu alikuwa anamnyoa Mwalimu ndevu kwa wembe, mkono mmoja umeshika shavu na mwingine umeshika makali. Mkewe akaingia, mlango ukalalamika, akamwekea simu sikioni akaishikilia mwenyewe. Alikuwa ameichagua saa hiyo makusudi.

"Ni mwanao," akasema. "Na usijitingishe, mwenzio ana wembe shingoni."

Mwalimu, ambaye aliithamini shingo yake, akasema kwa midomo tu, "Ongea naye vizuri, nakuomba."

"Shikamoo, Baba," simu ikasema.

"Marahaba."

Tone la povu likamdondokea Mwalimu kwenye kola.

"Baba, ile kazi yangu ina mkasi ndani yake. Nimeuandika kabisa, kama fidla na ngoma. Mara ya kwanza wakubwa wa okestra waliutoa. Walisema ukumbi si saluni. Mara ya pili nikawasihi, wakampa mpiga ngoma aupige. Mpiga ngoma ni hodari, lakini ilisikika kama mtu anakata karatasi. Sasa wamenipa mara ya tatu, na wamesema ndiyo ya mwisho. Ikishindikana, kazi hii inaingia kabatini, na sidhani watataka nyingine yangu."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Ni mkasi wako, Baba. Nimekuandikia wewe. Okestra itakutumia tiketi. Njoo uupige."

"Mkasi haupigwi. Mkasi unakata."

"Basi njoo ukate."

Mwalimu alikuwa ameacha kupumua. Mama Kinanda alikuwa anamtazama mumewe kwa jicho ambalo wanafunzi wa shule nzima walilijua.

"Nitakuja kwa ajili ya mkasi," Mzee Kachu akasema mwishowe. "Kichwa sikigusi."

"Sawa, Baba."

"Na hizo nywele zako..."

"Ndiyo, Baba?"

"Hamna. Kata simu, nina mtu hapa."

Hivyo ndivyo kinyozi alivyopanda ndege. Mkasi ulikataliwa kukaa na abiria, ukasafiri tumboni mwa ndege pamoja na masanduku, naye hakupata usingizi kwa kuuwazia. Kinanda alimpokea, wakaamkiana, wakapeana mikono kama watu waliotoka kuuziana shamba. Nywele zilikuwepo pale katikati yao, kubwa kuliko kwenye picha, na hakuna aliyezitaja. Njiani waliongea habari za Mama, za fundi bomba na za baridi. Baridi ilikuwa na mengi ya kusemwa, ikawasaidia.

Siku iliyofuata kukawa na mazoezi ukumbini. Mzee Kachu alikaribishwa nyuma kabisa, mahali pa ngoma, na mpiga ngoma mwenyewe, mama mnene mcheshi mwenye nywele za manjano na ngoma za shaba kubwa kama zile sufuria ambazo mkewe hupikia shule nzima. Papo hapo akambandika jina: Mama Sufuria. Lugha hawakuwa nayo, lakini kwa vidole na nyusi walielewana kwamba yeye asiyejua kusoma nota atapigwa kiwiko zamu yake ikifika. Mbele akasimama bwana mwembamba mwenye kijiti.

"Huyo ndiye kondakta," Kinanda akamnong'oneza.

"Mbona hadai nauli?"

Kinanda akacheka, kicheko kile kile cha zamani cha puani, na Mzee Kachu akajisikia vizuri mpaka akasahau baridi.

Muziki ukaanza. Kiwiko kikaja. Mzee Kachu akainua mkasi, akafungua, akafunga. Kach. Akajaribu tena. Kach. Vidole vilivyokuwa vikikata hewa maisha yake yote vilikuwa vimekufa ganzi. Kondakta akasimamisha, wakarudia, kiwiko kikaja tena, mkasi ukatoa sauti ya kuku mwenye mafua. Jasho likamtoka, na hiyo baridi yote.

"Haujui kuongea peke yake," akamwambia mwanawe. "Ukiniona nakata hewa, chini yake kuna mtu. Nipeni kichwa."

Kinanda akawafasiria. Watu wa okestra wakacheka, lakini walikuwa watu wema, wakaanza kujitolea. Mama Sufuria akakaa wa kwanza. Nywele zake zilikuwa laini kama tambi, mkasi ukateleza bila sauti, na likaanguka fungu ambalo hakuna kati yao aliyelikusudia. Akaliokota, akalitazama, akacheka mpaka ngoma zake zikaitikia. Baada ya hapo wapiga fidla wakakumbuka kila mmoja kwamba ana shughuli na fidla yake. Mpiga tarumbeta, kipara kinachong'aa kama yai lililomenywa, akasimama kwa ukarimu mkubwa na kutoa kichwa chake. Mzee Kachu alimshukuru sana.

Kondakta akatazama saa ukutani, akasema maneno machache. Mzee Kachu hakuhitaji mfasiri, aliyaona kwenye uso wa mwanawe. Kesho watapiga bila mkasi, kama mara ya kwanza, na pengo lirudi pale pale.

Hapo Kinanda akavuta kigoda, akakiweka mbele ya baba yake, akakaa, akampa mgongo. Kichwa hicho hapo. Hata watu wa okestra waliokuwa hawajui lolote wakajua kuna jambo.

Mzee Kachu akainua mkono. Ukafika usawa wa sikio, ukakwama.

"Nilisema sikigusi," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. Akatia mkasi mfukoni, akatoka.

Chumba alichofikia kilikuwa na kitanda, dirisha na chombo cha chuma cha kupasha joto kilichogongagonga ukutani. Alikaa kitandani na koti lake, akampigia mkewe, akamweleza yote, kiwiko na kuku na kipara. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, na hilo halikuwa kawaida yake.

"Nilikula kiapo, Mama Kinanda."

"Ulikula hasira, ukaiita kiapo."

"Neno la mtu mzima..."

"Hebu nikuulize la kazi tu, mambo ya nyumbani tuyaache. Nani hushuka kwenye kiti chako na nusu kichwa?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

Chombo cha joto kikagonga.

"Una kiporo, mume wangu. Nusu kichwa imelala miaka yote hii, na wewe unaipita kila siku kama huioni. Na nikwambie nilichokatazwa kusema. Mwanao hajakaa kwenye kiti cha mtu mwingine tangu siku ile. Zikizidi anajipunguza mwenyewe kwa mkasi wa karatasi, anajikata masikio. Wewe ulidhani ule ni urembo?"

Mzee Kachu alikuwa amedhani ni urembo. Alikuwa amedhani pia kwamba ni dharau, na kwamba anafanyiwa makusudi, na katika miaka yote hiyo kitu pekee ambacho hakukidhania ni kwamba kijana anamngoja. Alimshukuru mkewe, akaaga, akalia. Alilia vizuri, bila haraka, kama mtu aliyekuwa na ya kulia. Halafu akatafuta mafuta ya mkasi, akakumbuka ameyasahau nyumbani, akatumia mafuta yake ya kichwa.

Jioni ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka juu. Kinanda alikuwa amesimama nyuma ya pazia, suti nyeusi, shati jeupe, pori kichwani, anauma kucha. Akamwona baba yake anakuja na kitana mfukoni na shuka jeupe mkononi. Shuka lilikuwa la kitanda cha wenyewe, na muhuri wa nyumba ya wageni ulionekana pembeni.

"Kaa," Mzee Kachu akasema.

"Wapi?"

"Pale kwa masufuria. Upande wa kushoto bado."

Kinanda akamtazama. Akafungua mdomo aseme, baba yake akamwonyesha kidole kuelekea jukwaani, maana watu walikuwa wanasubiri. Kondakta alipowaona wanatangulia, mmoja na shuka na mwingine na nywele, alifumba macho kidogo, akayafumbua, akainua kijiti. Mtu aliyekwisha kuvuliwa nguo hana budi kuoga.

Muziki ukaanza taratibu. Mzee Kachu alimfunga mwanawe shuka shingoni, akazichambua nywele kwa kitana, na mikono ikakitambua kichwa mara moja: mfupa ule nyuma ya sikio, kovu dogo la kujigonga benchi utotoni, kisogo cha ukoo mzima. Kiwiko cha Mama Sufuria kikaja. Hakukihitaji. Kachu, mkasi ukasema. Kachu-kachu. Kachu.

Sauti ikaenda mpaka viti vya nyuma. Alikata, akainua mkono, akakata hewa, akashuka akakata tena, na ndipo akasikia kinachoendelea. Filimbi ilikuwa inalalamika kama mlango wake, ukifunguliwa na zaidi ukifungwa. Ufagio ulikuwa unapita juu ya ngozi ya ngoma. Matarumbeta yalikuwa yanabishana kama wateja wa benchini, mmoja anasema hivi, mwingine anakataa, na katikati yao fidla kubwa moja imelala inakoroma, yaani ni fundi bomba huyo, hakosei mtu. Kisha fidla zote kwa pamoja zikaita chakula tayari, na ilikuwa sauti ya mkewe, ikiwa na ule ukali wake na utamu wake. Ilikuwa Jumamosi yake. Alikuwa ameishi ndani yake siku zote akidhani ni kelele za kazi, kumbe kijana wa ufagio alikuwa anaichukua kidogo kidogo, akavuka nayo, akawafundisha watu wazima waliovaa nguo za kuzikia. Mzee Kachu alijivuna mpaka akaogopa. Mkasi ukaendelea kuita, na safari hii kila ulipoita, okestra iliitika.

Wimbo ukapanda, ukashuka, ukafika mwisho. Kondakta akashusha kijiti. Watu wakainua mikono wapige makofi.

Kachu. Kachu-kachu.

Kulikuwa kumebaki sehemu nyuma ya sikio la kushoto.

Mtu mwingine angeacha. Mzee Kachu hakuona ukumbi, hakuona kijiti, aliona kazi haijaisha. Mikono elfu ikabaki hewani. Kondakta akageuka polepole, akatazama, na kwa busara ambayo alisifiwa nayo baadaye, akainua kidole kuwazuia wote. Ukumbi mzima ukasikiliza mkasi mmoja ukizunguka sikio la mtu. Hakuna aliyekohoa. Mzee Kachu akakata kilichobaki, akarudi nyuma hatua, akainamisha kichwa kulinganisha kushoto na kulia, akasogea akatoa unywele mmoja uliokuwa mkaidi.

Akapangusa shingo. Akapapasa mfukoni kutafuta kioo cha mkononi, hakukiona, kilikuwa kimebaki nyumbani na mafuta. Mama Sufuria akaelewa kabla hajaulizwa. Akainua toazi, ile sahani kubwa ya shaba, akaifuta kwa mkono wa gauni, akaishika nyuma ya kisogo, na akainua nyingine mbele. Kinanda akajitazama kwenye ile shaba, pande zote mbili. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, mikono ilikuwa chini ya shuka.

"Vipi?" baba yake akauliza.

"Sawasawa, Baba."

Mzee Kachu akafungua shuka, akalikung'uta. Nywele za miaka yote zikaanguka kwenye sakafu ya wenyewe. Akamgonga mwanawe begani.

"Haya," akasema. "Nenda salama."

Sauti yake haikufika hata safu ya kwanza, na haikuwa imekusudiwa wao. Kinanda akainuka, akainama, akaushika mkono ule wenye mkasi akaubusu. Naye Mzee Kachu, ambaye alihisi akisimama hivi hivi ataanza kulia mbele ya watu, akafanya alichozoea kufanya kichwa kikiisha. Akageukia ukumbi, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya kufika barabarani, "Anayefuata!"

Hawakujua hata neno moja la lugha ile, lakini mtu aliyewahi kungoja zamu kwenye benchi anaijua sauti hiyo popote alipo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vicheko, watu wakasimama. Na kule kwenye safu ya matarumbeta, yule bwana wa kipara akaweka chombo chake chini, akarekebisha koti, akaja akakaa kwenye kigoda.

Mzee Kachu akamfunga shuka.